Kuingia na Kufaa

Kuingia si kufaa, ingawa jicho la mtu mwenye haraka huyaona maneno haya mawili kuwa ndugu. Tofauti yake niliiona dhahiri mjini Moshi, karibu na soko la Mbuyuni, chini ya mti wa fundi mmoja wa baiskeli.

Kijana wa Kibosho alikuwa ameleta Raleigh ya marehemu babu yake, ambayo humchukulia mikungu ya ndizi kutoka mlimani. Pedeli zilikuwa zikiyumba. Fundi alipofungua ekseli yake, kikombe kimoja cha gololi kilionekana kimeliwa. Akatafuta katika kopo la spea, akapata kingine, kipya, ambacho kwa kipimo cha jicho upana wake ulikuwa ule ule. Akavishika pamoja, nyuzi zilizochongwa kwenye kimoja zikilalia za mwenziwe, akavielekeza juani. Nuru ikapenya katikati.

Siri ya nuru ile ni hesabu. Kampuni ya Raleigh ya Nottingham, Uingereza, kwa miaka mingi ilichonga nyuzi 26 kwa kila inchi katika vikombe vya baiskeli zake nyingi, hali viwanda vingine vingi vilivyofuata kipimo cha Kiingereza vilichonga 24. Raleigh iliacha kuunda baiskeli Nottingham mwaka 2002, lakini fremu zake za zamani zingalipo kazini. Kikombe cha 24 huanza kuingia kwa vidole, kisha hukwama. Kikilazimishwa kwa spana hula nyuzi za fremu, na baada ya hapo huenda hata kikombe chake cha asili kisishike tena.

"Mzee, kilazimishe tu," alisema kijana. "Kesho alfajiri nina mikungu ya kushusha."

Wengi wetu tungesema kwamba fundi akisha kumweleza mwenye mali hasara iliyopo, ametoka lawamani. Chombo ni chake, na aamue mwenyewe. Hata mimi niliamini hivyo zamani, nikidhani kwamba ukweli ukisemwa deni limelipwa. Lakini chombo hiki kimeishi kuliko babu, na huenda kikaishi kuliko mjukuu. Ridhaa ya anayekipanda leo yaweza kusamehe hatari ya mguu wake mwenyewe. Yawezaje kumridhia atakayekinunua kesho, asiyejua kilichoharibiwa ndani ya bomba? Nakiri, hata hivyo, kwamba maswali haya ni mepesi kwa mwalimu mwenye mshahara; ndizi huiva bila kungoja falsafa.

Fundi hakujibu upesi. Alikirudisha kikombe kipya koponi, akakisugua kile kilicholiwa kwa mafuta ya taa, akakitia grisi na gololi mpya 11 za robo inchi.

"Kitalia," akasema, "lakini ni cha humu. Ukiteremka na mzigo, mjukuu wangu, usisimame juu ya pedeli. Nami nitakutafutia mwenziwe."

Akatoza bei ya gololi na grisi tu. Kijana alilipa akinung'unika, akaikokota baiskeli hadi barabarani, akasikiliza kidogo, ndipo akaipanda.