Mizani ya muuza sukari na kipimo cha mgonjwa wa sukari

Muuza duka akipunja sukari robo kilo, sote twajua amedhulumu. Surat al-Mutaffifin imewaonya watu wa namna hiyo, na hapa nchini Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002 kukagua mizani. Je, anayempima mgonjwa sukari ya damu kwa kipimo asichokuwa na uhakika nacho, kisha akanyamaza, naye tumwiteje?

Tuchukue mfano. Mzee wa Ziba, wilayani Igunga, ana kisukari na amefunga. Saa tisa alasiri mjukuu wake anamtoboa kidole, jambo ambalo kwa kauli ya wanazuoni wengi halibatilishi funga, kisha anasema: "Babu, ni nne nukta tano." Mwongozo wa kimataifa wa kisukari na Ramadhani unamtaka mgonjwa afungue ikishuka chini ya milimoli 3.9 kwa lita. Mzee anaendelea na funga.

Lakini kiwango cha kimataifa cha mwaka 2013 kinaruhusu mashine, sukari ikiwa chini ya 5.55, ikosee kwa 0.83 juu au chini. Hivyo 4.5 yaweza kuwa 3.7. Mashine ni nzima, ila mzee yu hatarini. Ongeza vijiti vya kupimia vilivyoachwa juani. Ongeza upungufu wa damu, ambao malaria huuleta: damu ikipungua, mashine nyingi husoma sukari juu kuliko ilivyo. Hata kile kifaa kinachobandikwa mkononi na kusoma mfululizo hakipimi damu, bali majimaji ya chini ya ngozi. Sukari ikishuka kwa kasi, habari yake huchelewa dakika kadhaa.

Basi tuache kupima? Hasha. Katika misafara ya Unyanyembe nguo zilipimwa kwa mkono, na mikono ya watu hailingani. Mwenye akili haachi kununua. Anauliza kwanza, mkono wa nani?

Kosa la mashine si dhambi ya mtu. Dhambi ni kulijua na kulificha: kuuza vijiti vilivyoharibika kwa joto, au kumtajia mgonjwa namba kana kwamba ni yakini. Mpimaji aseme kweli na arudie kipimo. Mgonjwa naye, akitetemeka na kutoka jasho, asiubishie mwili wake kwa sababu ya namba. Namba ni shahidi, si kadhi.

Wallahu a'lam.