Vumbi la Ghuba Halisomi Mkataba

Wajukuu zangu mnaojiandaa kwenda Ghuba, habari za joto mmeambiwa nyingi. Za vumbi hamkuambiwa, maana wakala halipwi kwa kutisha watu. Mimi niliyeshika usukani Kuwait nitawaambia.

Sisi wa pwani tunazijua kaskazi na kusi. Kule kuna shamali. Huvuma kutoka kaskazini-magharibi, hasa Juni na Julai, ikizoa udongo mkavu wa Irak, nchi ambayo mito yake imepungua maji na vinamasi vyake vilikaushwa makusudi na serikali ya Saddam Hussein miaka ya 1990. Mchana hugeuka rangi ya chungwa. Mei 2022 dhoruba moja iliwapeleka hospitali zaidi ya watu 5,000 wa Irak, pumzi zimewabana. Mwezi uo huo uwanja wa ndege wa Kuwait ukasimamisha safari.

Benki ya Dunia ilikadiria kuwa vumbi hula takriban dola bilioni 13 kwa mwaka katika Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Bilioni hizo zinanipita kimo. Ninachokielewa ni kijana wa pikipiki apelekaye chakula, alipwaye kwa safari. Dhoruba ikimfungia ndani, kodi ya kitanda haimsubiri. Akitoka humo humo, atapata dinari na kukohoa wiki nzima.

Chembe mbaya zaidi huzioni. Zilizo ndogo kuliko maikromita 2.5 hushuka mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kilemba hakizizuii, hata ukikifunga kama Mbedui. Vaa barakoa ya N95.

Juni hadi Agosti Kuwait hukataza kazi za juani saa tano asubuhi mpaka saa kumi jioni. Hiyo ni ya jua. Vumbi halina saa. Basi kabla ya kutia sahihi, uliza: siku ya dhoruba nalipwa? Kifua kikibana, bima inalipa? Ukijibiwa "tutaona ukifika", hesabu umenyimwa.

Madereva, ukuta wa vumbi ukiwakuta njiani, tokeni kabisa nje ya lami, simameni, zimeni taa zote, mguu utoke kwenye breki. Zimeni, nimesema! Anayekuja nyuma haoni barabara. Ataifuata taa yako akidhani unakwenda.

Na wewe mwenye pumu, unajua nakusema wewe, usiifiche kwa sababu ya tiketi. Kazi za ndani zipo, omba hizo. Inhela ikae mfukoni, si sandukuni.