Aliyeshauri na Aliyeshuka Kilimani

Kuna jambo katika habari za vita vya Uhud ambalo wahadhiri wengi hulipita mbio, nami hukereka kila ninaposikia likipitwa. Mwaka 625, jeshi la Makka lilipokaribia Madina, Mtume (S.A.W.) aliona afadhali wabaki mjini wajilinde humo. Vijana, hasa waliokosa kushiriki vita vya Badri, wakashikilia kutoka. Akawakubalia, akaingia ndani kuvaa deraya. Walipojuta na kumwambia basi wabaki kama alivyotaka, hakurudi nyuma. Siku ile iliisha kwa Waislamu wapatao 70 kuuawa, Hamza akiwa miongoni mwao, na Mtume mwenyewe akiwa na jeraha usoni.

Kwa desturi za kazini, kinachofuata hapo ni kikao cha lawama. Nani alisema tutoke? Lakini Aya iliyoshuka baada ya msiba huo, ya 159 katika Sura ya Aal Imran, inamwamrisha kiongozi awasamehe, awaombee maghufira, kisha ashauriane nao. Hao hao! Makaburi bado mabichi, na anaambiwa aendelee kuwauliza.

Mimi si sheikh. Nasimamia mafundi ujenzi hapa Tanga, darsa naihudhuria baada ya Isha na saruji ingali kwenye kucha, na swali langu ni la mtu anayelipwa kwa matokeo: ikiwa ushindi unatoka kwa Mwenyezi Mungu, mimi nitaulizwa nini? Wapo wanaojibu haraka kwamba tutaulizwa juhudi tu. Jibu hilo silipendi. Nimewasikia mafundi wakilitumia kutetea ukuta uliopinda.

Siku ile ile ya Uhud, wapiga mishale 50 waliwekwa kilimani chini ya Abdullah bin Jubayr, wakaagizwa wasibanduke, wenzao washinde au washindwe. Adui alipoanza kukimbia na ngawira ikaonekana, wengi wao wakashuka. Khalid bin Walid, ambaye wakati huo alikuwa bado upande wa Makka, akaliona pengo, akazunguka na wapanda farasi wake. Hawa Qurani haikuwanyamazia: Aya ya 152 ya Sura hiyo hiyo inalitaja kosa lao waziwazi, halafu inataja msamaha. Wale walioshauri kutoka mjini, sioni wakikemewa.

Basi aliyetoa rai kwa nia njema ikaenda kombo ni mtu mmoja, na aliyeacha zamu yake ni mtu mwingine, hata kama hasara ni moja. Kiongozi akiwachanganya hawa wawili, kesho hatapata wa kumwambia neno.

Katika kazi yangu kilima kipo kwenye pipa la maji. Siku ya kumwaga zege la ghorofa kazi haisimami, kwa sababu zege la mwanzo likishika kabla ya kukutana na la pili, pale pana ufa unaosubiri. Kuna watu wa kokoto, wa mchanga, wa mashine, wa ndoo, wa vaibreta. Kwenye maji mara nyingi huwekwa saidia fundi mdogo kuliko wote, mwenye ujira mdogo kuliko wote. Jua likipanda, wabeba ndoo wanamlilia aongeze maji, maana zege jepesi linamwagika lenyewe na watu wanawahi nyumbani. Akikubali, jioni slabu inang'aa, mwenye nyumba anapiga picha, tunakula pilau. Lakini maji yaliyozidi yakikauka huacha vitundu, na nguvu ya zege imekwisha kupungua. Kwenye miradi mikubwa, vibonge vya majaribio huvunjwa maabara siku ya 7 na ya 28. Kwenye nyumba za mtaani hakuna anayepeleka kibonge popote. Anayejua ni yule kijana na Mola wake.

Siwezi kumkodolea macho kutwa. Ninachoweza ni kukaa nao wote kabla: tuanze saa ngapi, nani apokezane na nani, ngazi ikae wapi. Kuna aliyeshauri tutumie winchi badala ya kupokezana ndoo, ikakwama kazi ikiwa katikati. Slabu iliyofuata nilimuuliza yeye kwanza. Wenzake walicheka. Yeye hakucheka, alifikiri.

Turudi kwa Khalid, ambaye baadaye alisilimu. Umar (R.A.) aliposhika ukhalifa mwaka 634, alimwondoa katika uongozi mkuu wa majeshi ya Sham, jemadari mshindi, akamweka Abu Ubayda mahali pake. Riwaya mashuhuri inasema alichelea watu wadhani ushindi unatoka kwa Khalid. Sheikh wetu huliweka hilo kwenye mlango wa tauhidi, na ni haki. Mimi naliona pia kwenye mlango wa kazi. Nilikuwa na fundi wa nondo hodari mpaka wenzake wakaacha kupima, wakawa wanamngoja. Nikamhamishia jengo jingine kwa muda. Kasi ilishuka, mwenye nyumba alinung'unika, malipo yangu yakachelewa, lakini wale waliobaki wakashika futi kamba wenyewe. Fundi alinijia.

"Mzee, nimekosa nini?"

"Hujakosa."

"Sasa ndiyo sielewi."

Alikuwa na haki ya kutoelewa. Darsani tunamsifu Umar kwa uamuzi ule, na Khalid tunamwacha njiani, ilhali ndiye aliyebaki akapigana chini ya Abu Ubayda, na Waislamu wakashinda vita vya Yarmuk mwaka 636 naye akiwemo. Bila mtu wa namna hiyo uamuzi wa Umar ungeweza kulivunja jeshi. Nilipolisema hili, sheikh alinijibu kwamba ninawapima maswahaba kwa futi ya nondo. Huenda. Fundi wangu hata hivyo hakuondoka, ujira wake haukuguswa, na wiki hii anawafundisha vijana wawili kukunja ringi za nguzo.