Ghushi, Nia na Ushindi: Pufya katika Mizani ya Fikihi

Fikihi ya Kishafii, ambayo ndiyo madhehebu ya Waislamu wengi wa Lamu, Pate na Faza, ina mlango mzima wa mashindano. Katika Minhaj, kitabu ambacho wanazuoni wa mwambao wamekitegemea vizazi kwa vizazi, Imamu Nawawi anaeleza ni mashindano gani yanayofaa kufungiwa mkataba wa zawadi. Farasi hana ubishi. Punda, nyumbu na tembo wanaingia kwa kauli yenye nguvu zaidi. Kuogelea hakumo, na Khatib Shirbini katika ufafanuzi wake wa kitabu hicho anaongeza mbio za miguu na za vyombo vya baharini: ni mubaha kuzicheza, ila si kwa dau, kwa kuwa hazikuhesabiwa kuwa maandalizi ya vita. Orodha hiyo inakaribia sana michezo inayoandamana na Maulidi ya Msikiti wa Riyadha, mwishoni mwa Mfungo Sita, pale punda wanapokimbizwa kwenye barabara ya ufuoni, waogeleaji wanapoingia majini na mashua zinapopandisha matanga.

Mlango huohuo una makatazo mawili yaliyotokana na Hadithi. La kwanza ni kumweka mtu nyuma ya mnyama ili ampigie kelele azidishe mbio. La pili ni kumwongoza mnyama mwingine kando, ili mpandaji amrukie yule wa kwanza anapochoka. Kijana wa Lamu anayepanda punda bila tandiko, amekaa nyuma karibu na mkia, anapimwa kwa punda yuleyule aliyeanza naye na kwa mkono wake mwenyewe. Nguvu iliyopenyezwa kutoka nje, ambayo washindani wenzake hawakuikubali, inaharibu kipimo chenyewe. Hapa ndipo suala la pufya, yaani dawa za kuongeza nguvu michezoni, linapoingia katika fikihi, ingawa wanazuoni wa zamani hawakuijua sindano wala homoni.

Kenya ina sababu ya kulitazama suala hili kwa uzito. Rita Jeptoo, bingwa wa marathoni za Boston na Chicago, alipatikana na EPO, homoni inayoongeza chembe nyekundu za damu, katika kipimo cha mwaka 2014. Jemima Sumgong, bingwa wa marathoni ya Olimpiki ya Rio, alinaswa kwa dawa hiyohiyo mwaka 2017. Serikali ilitunga sheria mwaka 2016 na kuunda shirika la kupambana na pufya, ADAK, lakini kesi hazikukoma. Mwaka 2025 Ruth Chepngetich, aliyeweka rekodi ya dunia ya saa 2:09:56 mjini Chicago mwaka uliotangulia, alifungiwa miaka 3 kwa dawa ya kukojoza ambayo pia huficha dawa nyingine mwilini.

Kosa la pufya ni lipi hasa? Jibu la haraka ni madhara ya mwili, na sheria ya Kiislamu inakataza kujidhuru. Jibu hilo ni la kweli ila halitoshi. Kukimbia kilomita 42 kila mara kunaweza kuumiza mwili, na hakuna anayekuita dhambi. Mfano wa miraa unaonyesha vizuri zaidi. Miraa inatafunwa wazi kwenye baraza za Lamu, na wanazuoni wamegawanyika juu ya hukumu yake. Kathinoni iliyomo ndani yake imepigwa marufuku siku ya mashindano na Shirika la Dunia la Kupambana na Pufya, WADA. Mwogeleaji anayetafuna miraa siku ya kawaida anajadiliwa kwa upande wa afya na wakati anaopoteza. Anayeitafuna kwa siri kabla ya kuingia majini, hali wenzake wamekubaliana kuiacha, ana jambo jingine kabisa.

Jambo hilo ni ghushi. Mtume (S.A.W.) alikataza kuacha kumkamua ngamia au kondoo siku kadhaa kabla ya mnada ili kiwele kijae na mnunuzi adhani ana maziwa mengi. Maziwa yale ni halisi na mnyama ni halali. Kilicho cha uongo ni picha ya uwezo unayopewa upande wa pili. Mnunuzi akigundua ana hiari: abaki naye, au amrudishe pamoja na pishi moja ya tende badala ya maziwa aliyotumia. Mwanariadha aliyejaza damu yake kwa EPO amefanya jambo la jinsi hiyo kwa mwili wake. Kasi yake ni halisi, saa haikusema uongo, lakini anauza uwezo ambao si wake wa kawaida kwa watu walioingia mbioni wakiamini kinyume.

Fikihi ya mnyama huyu wa mnadani inafika mbali zaidi, kwa kuwa inagusa swali gumu kuliko yote katika sera ya upimaji: nia. Kanuni za WADA zinamtia hatiani mwanariadha kwa kitu kilichokutwa mwilini mwake, hata kama hakukusudia. Nia inazingatiwa baadaye katika kiasi cha adhabu. Chepngetich alisema alimeza dawa ya mfanyakazi wake wa nyumbani, na rekodi yake ya 2024 haikuguswa kwa kuwa kipimo kilichomtia hatiani kilichukuliwa Machi 2025. Wengi huona kwamba kumhukumu mtu bila nia ni dhuluma. Wanazuoni wa Kishafii walikutana na swali hilohilo: ikiwa mwenye kondoo alisahau tu kumkamua, au kiwele kimejaa chenyewe, je, mnunuzi bado ana hiari? Ghazali alisema hana, kwa sababu hakuna aliyedanganya. Kadhi Husein na Baghawi walisema anayo, kwa sababu hasara imempata vilevile.

Kauli ya Baghawi ndiyo yenye nguvu zaidi michezoni, mradi isivukishwe mpaka wake. Inarudisha kondoo; haimwiti muuzaji mwongo. Ushindi uliopatikana kwa mwili wenye dawa uondolewe bila kuuliza nia, kwa kuwa aliyemaliza wa pili amedhulumiwa kwa vyovyote. Kumfungia mtu miaka na kumvunjia heshima kunahitaji ushahidi wa nia, na hapo neno la Ghazali linarudi na nguvu zake zote. Kuyachanganya mambo haya mawili ndiko kunakowafanya wanariadha wasio na hatia wahisi wamelaaniwa, na wenye hatia wajifiche nyuma yao.

Upimaji wenyewe una mashaka yake. Qurani inakataza kupelelezana. Ghazali katika kitabu chake Ihya anasimulia jinsi Khalifa Umar alivyopanda ukuta wa nyumba na kumkuta mtu katika maasi. Mwenye nyumba akamjibu kwamba yeye ameasi mara moja na Khalifa mara tatu: amepeleleza, hakupitia mlangoni na hakutoa salamu. Umar akamwacha. Mwanariadha wa ngazi ya juu leo hutaja kila siku saa moja atakapopatikana, kati ya saa 11 alfajiri na saa 5 usiku, na akikosa mara 3 katika miezi 12 anaadhibiwa. Wilson Kipsang, aliyewahi kushikilia rekodi ya dunia, alifungiwa miaka 4 mwaka 2020 kwa kukosa huko na kwa kutoa ushahidi wa uongo.

Tofauti na nyumba ile ni ridhaa. Anayejiunga na mashindano amefungua mlango mwenyewe, kama mfanyabiashara anavyokubali muhtasibu akague mizani yake sokoni. Ila ridhaa ina kipimo. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani ilipima wachezaji mwaka 2003 kwa makubaliano na chama chao kwamba majina yatabaki siri. Zaidi ya asilimia 5 walipatikana na dawa, na adhabu zikaanza msimu wa 2004. Mwaka huohuo wapelelezi wa serikali walinyakua orodha, na baadaye majina yakavuja. Wachezaji wale hawakuwa na udhuru kwa dawa walizotumia, lakini amana waliyopewa ilivunjwa, na uovu wa mmoja hauhalalishi uovu wa mwingine.

Linabaki suala la haki ya aliyepokonywa. Matokeo ya Jeptoo katika Boston ya 2014 yalipofutwa, ushindi ulikwenda kwa Bizunesh Deba wa Ethiopia. Waandaaji walitaka kwanza fedha zirejeshwe na Jeptoo, na miaka ikapita. Hatimaye mwaka 2024 mtu binafsi alimlipa Deba dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Msingi wa fikihi ya ahadi ya malipo hauungi mkono kungoja huko. Mwandaaji alimwahidi mshindi zawadi, na mshindi ametimiza sharti; deni liko shingoni mwa mwandaaji, naye ndiye wa kumdai aliyeghushi.