Mikono Yenye Nguvu

Somo: Mithali 31:10–31



Sura hii husomwa sana siku za harusi na siku za akina mama, na wengi wetu tunakumbuka sehemu moja tu, ile ya mwishoni isemayo kwamba urembo hupita. Lakini tazameni sura inavyoanza: Mfalme Lemueli alifundishwa maneno haya na mama yake. Basi anayesema ni mama, mtu mzima, aliyekwisha kuuona uzuri ukija na ukienda.

Nasi tumeuona. Tulipokuwa chuo cha ualimu tulihesabiwa miongoni mwa wasichana wazuri, na neno hilo tulilipenda. Asubuhi za baridi tulikaa mbele ya kioo mpaka kengele ilipolia. Leo tumestaafu, kioo kinatuonyesha mvi na makunyanzi, na magoti yanalalamika tukienda kanisani. Hilo halituhuzunishi, ndivyo Mungu alivyotuumba. Huzuni yetu ni nyingine, nasi tunaiungama mbele yenu.

Binti yetu alipokuwa darasa la sita alikuwa na mbio. Alichaguliwa kuiwakilisha shule yake katika mashindano, mita 800. Mwalimu wake alikuja nyumbani kuomba ruhusa, tukakataa. Tulisema kazi za nyumbani ni nyingi. Haikuwa kweli. Tuliogopa jua litamharibu ngozi, miguu itakomaa, na watu watasema binti wa mwalimu amekuwa kama mvulana. Uzuri ulikuwa umeanza kututoka, nasi tulitaka ubaki kwake, ili watu wakimtazama watukumbuke sisi. Mtoto akajibu, "Sawa, Mama," akachukua ndoo kwenda kuteka maji. Hakuomba tena.

Katika Mathayo 25 mtumwa mwoga aliifukia talanta aliyopewa yeye mwenyewe. Sisi tuliifukia ya mtoto.

Laiti tungaliisoma sura yote! Kabla ya kuutaja urembo, mama yake Lemueli amekwisha kumsifu mwanamke ajifungaye nguvu kiunoni na kuitia mikono yake uwezo (mstari wa 17). Katika mstari wa 25 nguvu ni vazi lake. Mama huyu hasemi kwamba nguvu humharibu mwanamke, asema humvika.

Nchi yetu imeyaona hayo. Mwaka 1965, katika Michezo ya Afrika ya kwanza huko Brazzaville, Theresia Dismas alituletea medali ya fedha kwa kutupa mkuki. Septemba 2023 Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu katika marathoni ya Berlin, kwa saa 2, dakika 18 na sekunde 41. Mkuki haupimwi kwa sura ya aliyeutupa, wala saa haitazami ngozi ya mtu.

Basi, akina mama wa Ilomba, mwalimu akibisha hodi kwenu, msifanye kama sisi. Ulizeni yampasayo mzazi kuuliza: nani atafuatana na watoto, watalala wapi, watarudi lini. Mkiridhika, mpeni mtoto ruhusa, mpikieni uji, nanyi mwende uwanjani mkamshangilie. Tena msimkimbize kwa ajili ya kusifiwa ninyi. Kipawa cha mtoto si pambo la mama, kama vile sura yake isivyo pambo la mama. Ni mali ya Mungu, naye atatuuliza habari zake.

Binti yetu sasa ni mama. Mwaka jana tulimwomba radhi. Alicheka, akasema, "Yamekwisha, Mama." Kisha akanyamaza kidogo, akauliza, "Hivi siku ile ningalishika nafasi ya ngapi?"

Hatukuwa na jibu.

Tuombe. Ee Mungu, uliyetupa watoto, utuondolee hofu na majivuno, tusikizuie ulichowapa. Nasi tunaozeeka utuvike nguvu zako. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.