Lawama ya Mchoraji na ya Mjenzi

Mfaransa Henri Mignet aliirusha ndege yake ya mbao, HM.14 iliyoitwa Pou-du-Ciel, mwaka 1933. Mwaka uliofuata alitoa kitabu chenye michoro na maelekezo, akishikilia kwamba anayeweza kuunda sanduku anaweza kujiundia ndege. Wengi waliitikia, Ufaransa na Uingereza, wakapiga randa na gundi majumbani kwao. Kufikia 1936 baadhi yao walikuwa wamekufa angani. Ndege ikichorwa na mmoja, ikaundwa na kurushwa na mwingine, lawama inamwangukia nani?

Kasoro ya ndege hiyo haikuwa ya kuonekana kwa macho. Ndege ilikuwa na mabawa mawili, moja mbele na jingine nyuma karibu yake, na rubani akivuta usukani bawa zima la mbele lilibadili mwinamo. Pua ikishuka kupita kiasi, kuvuta usukani, jambo ambalo rubani yeyote angelifanya, kuliipa nguvu hewa iliyopenya kati ya mabawa; bawa la nyuma likainuka, pua ikazidi kuzama.

Mafakihi wa Kiislamu hutofautisha mtendaji na msababishaji: wakikutana, dhamana humwendea mtendaji, maadamu hakughuriwa. Kwa kipimo hicho mjenzi ndiye mwenye jukumu, kwani alichagua kwa hiari na Mignet hakumhadaa. Mignet mwenyewe aliipanda ndege hiyohiyo. Lakini mafakihi haohao humtwika dhamana anayejitia utabibu bila kuujua, hata kama nia yake ni njema. Aristotle naye hausamehe ujinga ambao mtu angeweza kuuondoa.

Hapo ndipo mizani inapomwelemea mchoraji kidogo. Kuhatarisha roho yake kulithibitisha ukweli wa moyo wake, si wa mchoro. Mjenzi hakuwa na njia ya kuugundua mtego ule. Aliyewaita maelfu kwa uhakika mkubwa ndiye aliyepaswa kuutafuta kabla ya kuwaita.

Majaribio ya mahandaki ya upepo ya Farnborough, Uingereza, na Chalais-Meudon, Ufaransa, yaliudhihirisha mtego huo mwaka 1936, na Uingereza ikaacha kutoa vibali vya kuirusha. Tangu hapo, aliyeujenga mchoro wa zamani bila marekebisho hakuweza tena kudai kwamba hakujua. Mignet mwenyewe aliendelea kubuni, na ndege zake za baadaye zikarekebishwa.