Je, Tumchague kwa Sababu Ameokoka?

 

Mwezi ujao tutapanga mstari tena kuwachagua viongozi wa RWC wa vijiji vyetu. Maneno yamekwisha kuanza, kwenye bomba la maji na mlangoni pa kanisa baada ya ibada. Wengine wanasema, "Mchungaji, safari hii ni zamu ya mtu wa Mungu." Wengine wanatuuliza kwa sauti ya chini kama ni dhambi kwa Mkristo kusimama nyuma ya mgombea Mwislamu. Na wenye ndugu huko Congo na Burundi wanalisikia swali hilo hilo kwenye simu: je, rais anayefunga na kuomba si bora kuliko rais asiyejua kufungua Biblia?

Swali hili si dogo. Sisi wakimbizi hatupigi kura katika uchaguzi wa Uganda, na wengi wetu hatujapiga kura nyumbani kwa miaka mingi. Kura hii ya kijiji ndiyo iliyobaki mikononi mwetu. Anayeshinda ndiye anayepeleka majina ofisini, ndiye anayeitwa usiku watu wakigombana, ndiye anayesema nyumba ya nani imebomoka. Kwa hiyo tunapochagua tunaamua pia nani atalala pakavu.

KOSA LETU SISI WACHUNGAJI

Kabla ya kufundisha, tukiri. Miaka kadhaa iliyopita wagombea wawili walisimama katika kijiji kimoja cha makazi yetu. Mmoja alikuwa ndugu yetu katika Bwana, mwombaji, mtu ambaye akishika kipaza sauti kanisa lote linasimama. Wa pili alikuwa Mwislamu, mzaliwa wa Kasongo kule Maniema, fundi wa baiskeli. Kila mtu alijua kwamba bomba likiharibika, fundi huyo huja na spana zake bila kuitwa mara mbili. Sisi wachungaji hatukuuliza mengi. Jumapili kabla ya uchaguzi tulisema madhabahuni kwamba watoto wa nuru wasijiweke chini ya mtu asiyemjua Bwana wao. Mstari wa ndugu yetu ulifika mpaka barabarani.

Baadaye ikaja mvua kubwa yenye upepo, na nyumba nyingi zikaezuliwa. Yakaletwa maturubai. Orodha ilipobandikwa, majina ya wanakwaya yalikuwapo, hata ya wale ambao nyumba zao hazikuguswa. Mama mmoja mjane, wa dhehebu lingine, mwenye watoto watano na nyumba isiyo na paa, hakuwamo. Alikuja kwetu akilia. Nasi tukamjibu nini? Tulimwambia asimseme vibaya mtiwa mafuta wa Bwana. Tulimwambia aombe.

Aliyeshika mkono wa yule mama na kwenda naye ofisini mpaka jina lake likaandikwa ni yule fundi wa baiskeli, aliyeshindwa kwa sababu ya mahubiri yetu.

Ndugu zetu, tumelibeba jambo hili muda mrefu. Kosa letu la kwanza lilikuwa kumchagua mtu bila kumpima. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi: kwa kuwa tulimchagua kwa jina la Mungu, tulipoteza kinywa cha kumwuliza. Yule mama alipolalamika juu ya turubai, sisi tulisikia kana kwamba analalamika juu ya Mungu.

MAMBO TULIYOYAONA KATIKA NCHI

Jambo hilo hilo limetokea katika nchi nzima. Ndugu zetu wa Burundi wanamkumbuka Pierre Nkurunziza, aliyeingia madarakani mwaka 2005. Hakuificha imani yake. Aliendesha mikutano ya maombi, na hata timu yake ya mpira iliitwa Haleluya. Kanisani mwetu wamo wanaomkumbuka kwa wema, maana mwaka ule wa 2005 ada ya shule ya msingi ilifutwa, na mwaka 2006 watoto walio chini ya miaka mitano walianza kutibiwa bure. Wamo pia waliofika hapa kwa sababu ya mwaka 2015, alipotaka muhula wa tatu. Katika machafuko yale watu zaidi ya laki nne waliikimbia nchi. Wote hao wanakaa benchi moja Jumapili, na hatutaki gazeti hili liwatenganishe. Alifariki Juni 2020, na moyo wake uko mbele za Mungu, hauko mbele yetu. Sisi tunauliza juu yetu waumini tu. Mwaka 2015 ni wangapi kati yetu tuliosema, "Huyu ni mwombaji, basi analofanya limetoka kwa Mungu," tukafunga mjadala hapo?

Tazameni na Zambia. Mwaka 1991 Frederick Chiluba, Mkristo aliyeokoka, alimshinda Kenneth Kaunda, na tarehe 29 Desemba mwaka huo huo akatangaza kwamba Zambia ni taifa la Kikristo. Makanisa mengi yalishangilia. Lakini miaka kumi baadaye alitafuta njia ya kupata muhula wa tatu, na mwaka 2001 viongozi wa makanisa walikuwa miongoni mwa waliosimama kumzuia, mpaka akaacha. Baadaye aliandamwa na kesi za fedha za umma. Mahakama ya London ilimwona na hatia ya kulipa mwaka 2007, na mahakama ya Lusaka ikamwachia huru mwaka 2009. Hatuingii katika kesi hiyo. Tunachokiona ni kwamba tangazo la imani halikuondoa haja ya kumwangalia mtawala, na kwamba Wakristo wa Zambia walimheshimu Mungu siku waliposema hapana kuliko siku waliposhangilia tu.

Upande wa pili, Senegal ina Waislamu wengi sana, lakini iliongozwa na Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, tangu mwaka 1960 mpaka alipojiuzulu mwenyewe mwisho wa 1980. Na majirani zetu Watanzania? Waliokimbia Burundi mwaka 1993 walipokelewa Kigoma wakati rais alikuwa Ali Hassan Mwinyi, Mwislamu. Sisi wa Congo tuliovuka ziwa mwaka 1996 tulipokelewa wakati rais alikuwa Benjamin Mkapa, Mkatoliki. Hatujamsikia mzee hata mmoja akisema uji wa mwaka mmoja ulikuwa mzito kuliko wa mwaka mwingine kwa sababu ya dini ya rais.

JE, IMANI SI KITU BASI?

Hapa mtu atatuuliza: "Wachungaji, mnataka kusema imani haina maana? Mbona mnatuhubiria kila Jumapili kwamba inambadilisha mtu?"

Hapana, hatusemi hivyo. Imani ya kweli inamfikia mtu mpaka mfukoni, mpaka kwenye kalamu anayoandikia majina. Mtu anayejua kwamba atatoa hesabu mbele ya Mungu anaweza kukataa rushwa hata kukiwa giza, na tumewaona watu wa namna hiyo. Lakini sisi wapiga kura hatuoni moyo. Tunasikia ushuhuda tu, na ushuhuda unaweza kujifunzwa kama wimbo.

Sisi watu wa kambi tunayajua magunia. Gunia lina maandishi ya nchi ya mbali, limeandikwa ngano, lakini leo ndani yake mama ameweka mkaa. Hakuna anayenunua kwa kusoma maandishi. Tunafungua, tunaingiza mkono mpaka chini. Jina la dini la mgombea ni maandishi ya gunia. Pengine yanasema kweli, pengine gunia limekwisha kutumika kwa kitu kingine. Bwana wetu mwenyewe alitufundisha kuutambua mti kwa matunda yake (Mathayo 7), na katika sura hiyo hiyo alituonya kwamba si kila anayemwita Bwana atakayeingia katika ufalme.

Someni tena habari za shamba la Nabothi (1 Wafalme 21). Yezebeli alipotaka kumnyang'anya yule maskini shamba lake, alianza kwa kutangaza mfungo! Watu walikusanyika kama watu wa ibada, wakaletwa mashahidi wa uongo, na Nabothi akauawa. Sisi tulioacha mashamba yetu mikononi mwa watu wengine tuielewe sura hiyo kuliko wote. Mfungo ni mwema, lakini hata mwizi wa shamba anaweza kuutangaza.

Wengi hutumia Kutoka 18, pale Yethro anapomshauri Musa achague watu wanaomcha Mungu. Ni kweli, neno hilo limo. Lakini tulisome mpaka mwisho. Anataka wawe pia watu wenye uwezo, watu wa kweli, na watu wanaochukia mapato ya udhalimu. Mambo manne yametajwa pamoja, na sisi tumezoea kulichukua moja na kuyaacha matatu. Tena mshauri mwenyewe ni nani? Ni kuhani wa Midiani, mgeni, si wa kabila lolote la Israeli. Musa hakumwambia, "Wewe si wa kwetu." Alisikiliza, akafanya.

Na sisi wakimbizi tusimsahau Koreshi. Wana wa Israeli walipokuwa uhamishoni Babeli, aliyewafungulia njia ya kurudi nyumbani na kulijenga hekalu alikuwa mfalme wa Uajemi, mtu ambaye Isaya 45 inasema hakumjua Mungu wa Israeli. Lakini sura hiyo hiyo inamwita mtiwa mafuta wa Bwana. Kama wazee wale wangekataa kurudi mpaka apatikane mfalme wa dini yao, wangekufa Babeli.

TUFANYE NINI SASA

Basi jibu letu ni hili. Imani ya mgombea ina maana kwetu, lakini ni kipimo ambacho yeye mwenyewe ametupa mkononi ili tumpime nacho. Asemaye ameokoka ametupa haki ya kumdai zaidi. Mwislamu anayesema anamcha Mungu, naye tumwulize kwa ucha Mungu huo huo. Tusimpe mtu yeyote kura iwe zawadi ya dini yake, na tusimnyime mtu kwa sababu hiyo.

Mtu atasema, "Lakini Daudi hakuthubutu kumgusa Sauli, mtiwa mafuta." Ni kweli, hakumwua. Lakini alisimama mbali akamwuliza mbele ya watu kwa nini anamwinda bure (1 Samweli 24). Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme akamdhulumu Uria, Nathani alimjia uso kwa uso (2 Samweli 12). Kumheshimu kiongozi hakumaanishi kunyamaza.

Mwezi huu, majumbani na katika vikundi vya maombi, tujiulize maswali haya juu ya kila mgombea:

1. Alipowahi kushika mali ya watu, hata fedha za kikundi cha akiba, hesabu ilikuwaje?
2. Jirani zake wa kabila lingine na dini nyingine wanasema nini juu yake, yeye asipokuwapo?
3. Mjane asiye na ndugu akibisha hodi kwake usiku, atafunguliwa?
4. Akikosea, anakubali kuambiwa? Au humtaja Mungu ili tunyamaze?

Nasi wachungaji tumekubaliana mambo mawili. Kwanza, hakuna jina la mgombea litakalotajwa madhabahuni, awe mshirika wetu au asiwe. Pili, yeyote atakayeshinda tutamwombea kila Jumapili, na orodha ikibandikwa tutakwenda kuisoma pamoja na wajane. Mkituona tumekaa kimya tena, tukumbusheni kwa ukurasa huu.

Yule mama tulikwenda kwake tukaomba msamaha. Alitukaribisha, akatupa viti, akasema amekwisha kusamehe. Halafu akatuuliza kama tumekwenda na kwa yule fundi. Tulikuwa bado. Tulikwenda jioni ile. Alikuwa anaziba pancha, mikono ina grisi. Alitusikiliza mpaka mwisho, akacheka kidogo, akasema, "Wachungaji, baiskeli haiulizi dini ya fundi. Inauliza kama anajua."

Safari hii hajachukua fomu. Anasema amechoka. Tunawaomba mwombeeni, na wenye kumfahamu nendeni mkaongee naye.

Bwana awabariki na kuwalinda, nyumba kwa nyumba, mpaka siku atakapoturudisha kwetu.